Kamba za Zambarau

Bwenini, chumba cha mwisho
Jumapili, 9 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kuuliza kama nakula, kwa hiyo nakujibu kabla hujauliza: nakula, na usingizi napata. Chumba chetu ndicho cha mwisho kwenye korido, kina vitanda vya juu na chini na dirisha moja linaloangalia kamba za kuanikia nguo. Sote tunaelewana sana. Asubuhi sote tunaamka pamoja, sote tunakwenda kunawa pamoja, na jioni sote tunasomea meza moja ndefu. Kiongozi wetu wa chumba tunamwita Kamanda. Ni mrefu, ana sauti nzito, na akicheka sote tunacheka hata kama hatukusikia alichochekea. Sote tunampenda.

Nina ombi. Naomba unitumie uzi wa sufu kutoka karakana yako, ule wa zambarau uliofumia masweta ya watoto wadogo mwaka jana. Ni kwa kazi za mikono. Usitume kidogo, maana sote tunauhitaji. Na iwe zambarau kweli, Shangazi, si waridi iliyokolea wala buluu iliyopauka.

Msalimie Baba. Mwambie masomo yanakwenda.

Mwanao,
Chiriku


Karakanani
Jumatano, 19 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Uzi huo hapo, mabonge yote niliyokuwa nayo isipokuwa moja, ambalo paka wa jirani amelifanya lake na mimi sina nguvu za kesi.

Barua yako nimeisoma mashine ikiwa imesimama, nikaisoma tena mashine inakwenda, na mara zote mbili nimemtafuta mtu mmoja humo ndani nisimpate. Sote tunaamka, sote tunanawa, sote tunampenda. Mimi nilimsindikiza shule mtoto mmoja, na sanduku lake nililibeba mwenyewe. Huyo mmoja yuko wapi? Jina la Chiriku sikuliokota njiani. Ulikuwa ukikaa hapa kwenye kigoda unaongea mpaka wateja wanasahau sweta walilolifuata. Sasa baba yako ananiambia likizo iliyopita ulikula ukanyamaza, na ukiulizwa neno unatabasamu. Alikuja kuniuliza mimi kulikoni. Nikamwambia mtoto amekua. Yeye alitulia, ila mimi mwenyewe maneno yangu hayakuniingia.

Halafu hizo kazi za mikono ni za aina gani, wanafunzi wote rangi moja? Mimi hapa nafuma masweta ya shule, kijivu juu ya kijivu, mpaka nikifumba macho naona kijivu. Lakini mimi nimeagizwa. Nyinyi nani kawaagiza?

Nakungoja unijibu wewe, si nyinyi.

Shangazi yako


Bwenini
Jumapili, 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umenishika. Si kazi za mikono, ni kamba za viatu.

Ilianza hivi. Siku moja kamba ya kiatu cha Kamanda ilikatika na kengele ya mstarini imeshalia. Akaokota kipande cha uzi wa zambarau akafungia kiatu, tukakimbia. Kesho yake jirani yake wa kitanda akaja na uzi wa zambarau kwenye viatu vyote viwili. Keshokutwa wakawa wengi zaidi. Wiki haijaisha, ukichungulia chini ya meza ya kusomea unaona miguu mingi na rangi moja. Sheria ya shule inasema viatu viwe vyeusi, kamba haikuzitaja, kwa hiyo mwalimu wa zamu anatutazama tu na kuguna.

Kinachonishinda kueleza ni kwamba hakuna aliyetoa amri. Kamanda hakusema neno. Sisi ndio tuliambiana, tena kwa macho.

Kuna mmoja amehamia muhula huu, tunamwita Mgeni. Aliuliza tu: "Kwa nini zambarau?" Hakuuliza kwa ubaya. Hakuna aliyemjibu, na tangu siku ile akikaa mezani benchi inabaki tupu upande wake. Mimi jibu nilikuwa nalo, Shangazi. Jibu ni kwamba hakuna sababu. Lakini ningelisema, benchi ingekuwa tupu na upande wangu pia, na mimi nimeshawahi kukaa hivyo, mwezi wa kwanza nilipofika hapa, sikukwambia. Basi nikainama nikakaza kamba zangu.

Usimwambie Baba. Na naomba uzi zaidi. Sufu inachakaa haraka ikikanyagwa, na chumba cha jirani nao wameanza kutaka.

Chiriku


Karakanani
Alhamisi, 13 Machi

Chiriku,

Kwa hiyo nimekuwa kiwanda cha kufunga watoto miguu, na sijui. Ahsante kwa kunieleza, hata kama umechelewa.

Nataka nikugombeze lakini kila nikianza naliona lile benchi, hasira inahamia kwingine. Mwezi wa kwanza ulikaa peke yako na hukuniambia. Ningekuja. Ningekuja na kigoda changu nikae hapo hapo mpaka wanizoee. Labda ndiyo sababu hukuniambia.

Bendera hufuata upepo kwa sababu haina miguu, mwanangu. Nyinyi mnayo.

Zambarau imekwisha na muuza nyuzi hajaleta nyingine. Nimeona haya kutuma bahasha nyembamba, nimekutilia kipande cha manjano kilichobaki kwenye sweta la mtoto mchanga. Kifungie unachotaka. Na huyo Mgeni nisalimie. Hata kwa macho, kwa kuwa naona hayo ndiyo mnayozungumzia.

Shangazi yako


Bwenini
Jumapili, 30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Manjano siwezi kuivaa, unajua mwenyewe. Lakini kuitupa pia sikuweza. Nimeitia mfukoni mwa sketi, na darasani nikichoka naigusa. Hakuna anayejua kuwa ipo. Nimekaa nayo hivyo siku kadhaa, halafu, sijui ilikuwaje, nikaandika shairi.

Nililipeleka kwa mwalimu wa fasihi. Tunamwita Mizani kwa sababu hata ukimsalimia vidole vyake vinahesabu silabi za salamu. Alisoma, akahesabu, akakunja uso. Akaniuliza kama nimefilisika maneno, maana "sote" imerudi mpaka inachosha, na zambarau imerudi mpaka kwenye chai. Nani kaona chai ya zambarau? Nikapiga moyo konde nikamwambia: "Mwalimu, nataka msomaji achoke. Achoke nayo kama nilivyochoka mimi."

Akaniambia niendelee. Nikamweleza kuwa mwanzoni zambarau iko kwenye kamba, mahali pake, na inapendeza. Kisha inapanda kwenye kicheko, inaingia kwenye ndoto, inaingia kwenye chai, mpaka hakuna kitu ambacho si zambarau, na hapo ndipo huioni tena. Rangi ikiwa kila mahali ni sawa na giza. Na "sote" hivyo hivyo. Ukiisikia mara ya kwanza unafurahi kuwa umo. Ukiisikia mara ya saba unajiuliza wewe ulikwenda wapi. Mizani akatazama vidole vyake, vilikuwa vimesimama. Akasema shairi liingie kwenye shindano la kughani la mabweni, na lighaniwe na chumba kizima.

Nakuandikia hapa chini. Karatasi ya mwalimu ilinijaa, mstari wa mwisho nikauandika upande wa nyuma, na wewe nakufanyia vilevile.

SOTE

Tumefunga kamba, kamba za zambarau,
sote.
Amecheka, tumecheka, kicheko cha zambarau,
sote.
Amenuna, tumenuna. Ameota, tumeota
ndoto ya zambarau,
sote.
Chai yetu zambarau, wino wetu zambarau,
mvua ikikatika twaruka madimbwi ya zambarau,
sote, sote, sote.
Na yule aliyeuliza kwa nini,
hatukuiona rangi yake.

(Geuza.)

Mimi nina uzi wa manjano mfukoni.

Sasa sikia kituko. Mizani alimkabidhi Kamanda karatasi ili chumba kinakili, na Kamanda alipolisoma akanikumbatia. Akasema nimewaimba. Wamelipenda vibaya sana. Wanalighani wakienda kunawa, wanapigia makofi, wanakanyaga chini kwenye kila "sote". Hawaoni kama linawasema, wanadhani linawasifu. Nacheka na naogopa. Siku wakifika mstari wa mwisho na kuuelewa, Shangazi, benchi itakuwa ndefu.

Chiriku


Karakanani
Ijumaa, 11 Aprili

Chiriku wangu,

Nikwambie ukweli, mara ya kwanza sikulipenda. Nilidhani kalamu imekwama. Mimi nimezoea mashairi yanayopanda na kushuka, hili linakwenda na kurudi palepale kama mkono wa mashine yangu.

Kisha nikawa nalisema huku nafuma. Mkono ukienda, sote. Ukirudi, sote. Fundi viatu wa mlango wa pili akaja kuazima mkasi, akasimama kusikiliza, mkasi mkononi. Nilipofika kwenye madimbwi akaniuliza kwa wasiwasi: "Hao watoto ni wazima?" Nikaacha kufuma. Nikaona nimepitisha safu nyingi bila kuzitazama, na mwanangu alikuwa humo ndani ya zile safu, na nilikuwa karibu nimpite.

Nikageuza karatasi. Fundi viatu aliniona usoni, akaondoka taratibu. Mkasi hajarudisha mpaka leo.

Huyo ndiye mtoto niliyemsindikiza shule. Bila mstari ule lile ni gwaride tu la chumba chenu. Ukiwepo, ni shairi lako. Usikubali uguswe.

Baba yako nimemsomea. Aliomba nirudie mwisho, kisha akasema: "Kumbe bado anaongea."

Shangazi yako


Bwenini
Jumapili, 27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mstari wangu wameutoa.

Mazoezi tunafanya wenyewe, mwalimu haruhusiwi kuingia kwa sababu ni mmoja wa waamuzi. Kamanda anasimama mbele, sisi safu tatu, mimi nyuma kabisa pembeni, na Mgeni kapangwa ubavuni kwangu kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Tunaghani vizuri mno. Tunafika "hatukuiona rangi yake", Kamanda anainamisha kichwa, sote tunainama, mwisho. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Mara ya pili, ya tatu, ni hivyo hivyo. Nikatazama nakala za wenzangu kwa pembeni, hakuna hata moja yenye mstari ule. Wote wanaishia pale pale.

Kwa hiyo ameuelewa. Ameuelewa kuliko wote na ameukata kimyakimya, bila hata kuniambia, na bado ananitabasamia na kunipa sabuni yake. Nimejaribu kumuuliza. Nilimfuata mpaka kwenye mabomba, nikafungua mdomo, akaniuliza "Vipi?", nikamwambia maji leo ni baridi.

Mimi ndiye niliyeandika shairi la kuwacheka wanaofuata mkumbo, na kila jioni nainama nao. Nikinyamaza, shairi litashinda bila mimi. Nikisema, nitasema peke yangu mbele ya shule nzima, na baada ya hapo nitalala chumba kilekile, nitakula meza ileile, mpaka nimalize masomo. Siijui sauti yangu ikiwa peke yake inakuwaje. Nimeisahau.

Salamu zako Mgeni nimempa, kwa macho. Alizijibu kwa mdomo.

Chiriku


Karakanani
Jumatatu, 5 Mei

Mwanangu,

Barua hii nataka ikufikie kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo nakwenda haraka.

Sitakuambia useme, wala sitakuambia unyamaze. Sitalala mimi kwenye kile chumba. Nitakwambia jambo la kazini tu. Nikifuma kitambaa kirefu cha rangi moja, mahali fulani napitisha uzi mmoja wa rangi nyingine. Si urembo, ni alama ya kunionyesha nilipofika. Bila uzi ule nikiinua macho naona kijivu mbele, kijivu nyuma, siwezi kujua nimefuma kiasi gani wala nimekosea wapi. Uzi mmoja, na kitambaa chote kinasomeka.

Wanaoghani hizo "sote" hawakuharibii kazi. Wanakufumia kitambaa. Ukitaka.

Kula vizuri siku hiyo. Mayai usile, yanakausha koo.

Shangazi yako


Bwenini, chumba cha mwisho
Jumapili, 18 Mei

Kwa Shangazi wa mwenzetu,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ndiye kiongozi wa chumba, wanaonita Kamanda. Anwani yako nimeiona kwenye bahasha za mwanao. Nimeona pia kwamba unamwita Chiriku, na tulicheka sana, kwa sababu hapa tulikuwa tunamwita Kimya. Tangu jana jina hilo halimfai tena.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo amelidhani juu yangu na nataka ulisikie kwangu.

Jana lilikuwa shindano. Ukumbi wa kulia chakula ulijaa, meza zimesukumwa ukutani, wengine wamekaa juu ya meza. Tulighani kama tulivyofanya mazoezi, tena zaidi. Tulikanyaga sakafu mpaka vikombe jikoni vikalia. Tulipofika mwisho tukainamisha vichwa, na watu wakaanza kupiga makofi. Basi nikiwa nimeinama nikasikia sauti moja nyuma yetu. Haikuwa kubwa. Ilisema: "Mimi nina uzi wa manjano mfukoni."

Nilidhani kachanganyikiwa. Tuligeuka sote. Amesimama, ameutoa uzi mfukoni, ameushika juu. Makofi yakakatika. Ukumbi mzima ulinyamaza, na katika kule kunyamaza mimi nikayasikia tena maneno yote tuliyokuwa tumeyaghani, kuanzia la kwanza, na safari hii nikayaelewa. Niliona aibu, halafu nikaona furaha, na sijui vipi mtu anaona vyote viwili kwa pamoja.

Tuliposhuka jukwaani aliniuliza usoni: "Mstari wangu uliukata kwa nini?" Nikashangaa, maana nilidhani ameutunga palepale jukwaani. Akanivuta mpaka chumbani, ambako karatasi ya mwalimu tuliibandika juu ya kitanda changu kwa heshima zote. Akaibandua, akaigeuza.

Shangazi, sikuukata. Sikugeuza karatasi. Nilinakili upande wa mbele, jirani yangu akanakili kwangu, wa tatu akanakili kwa jirani, na chumba kizima hakuna hata mmoja aliyeomba kuiona karatasi yenyewe, ingawa ilikuwa ukutani mwezi mzima. Alipoona uso wangu akaamini. Tulikaa chini tukacheka mpaka machozi.

Na jambo jingine, ambalo bado sijamwambia mtu chumbani. Zambarau siipendi. Sijawahi kuipenda. Ilikuwa ndiyo rangi ya uzi uliokuwa sakafuni siku kamba yangu ilipokatika. Nilitaka kuivua jioni ileile, lakini asubuhi jirani yangu alikuwa ameshaivaa, na ananitazama, nikaona nitamuumiza. Kisha wakawa wengi. Nimekuwa nikisubiri mmoja wao avue ili na mimi nivue.

Naomba unitumie uzi wa rangi nyingine. Ningekutajia ipi, lakini kusema kweli sijui napenda rangi gani. Naomba unichagulie.

Wako mtiifu,
Kamanda


Bwenini
Jumanne, 20 Mei

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo. Kamanda ameniambia amekueleza yote, kwa hiyo mimi nakupa kile ambacho hakukiona kwa sababu alikuwa ameinama.

Niliona migongo. Wenzangu wote wameinama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa nikaona ukumbi mzima bila kichwa cha mtu mbele yangu. Mkono ukaingia mfukoni. Mgeni naye hakuinama, alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu asubuhi nilimwonyesha uzi. Hakuniambia sema. Alinishika kiwiko tu.

Nikasema. Nilishangaa kuwa sauti ni ileile ya kwenye kigoda chako, Shangazi. Haikwenda popote. Ilikuwa imekaa tu inangoja kuulizwa.

Makofi yakakatika. Nikajua nimekwisha. Ndipo Mizani akasimama kwenye meza ya waamuzi. Akasema mbele ya shule nzima kwamba katikati ya shairi alikuwa ameacha hata kuhesabu, kwa sababu aliona kila kinachofuata ni kilekile. Likaja neno moja la rangi nyingine, na hapo akaiona zambarau yote aliyokuwa ameimeza bila kujua. Akasema kurudia neno ni rahisi, kazi ni kurudia mpaka msikilizaji ajione amefuata. Akaomba tulighani tena.

Tukapanga safu upya. Wenzangu sasa wameusikia mstari, na wote wakamgeukia Kamanda kumuuliza nani auseme. Kamanda akanitazama mimi. Tukaghani, Shangazi, na safari hii "sote" zao zilikuwa nyingine, walizitoa kama watu wanaojua wanachokisema, na nilipofika kwangu ukumbi ulisimama. Walimu walisimama. Mpishi alitoka jikoni na mwiko wake. Tumeshinda, na chumba cha pili kwa alama hakikutukaribia.

Na benchi? Jana mezani nilikwenda kukaa na Mgeni, nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Kamanda akaja na sahani yake akakaa upande wa pili. Mpaka tunamaliza kula tulikuwa tumebanana kiasi kwamba mtu wa mwisho alikalia nusu.

Nimeongea tangu Jumamosi bila kupumzika. Kamanda ameniomba kwa adabu ninyamaze kidogo.

Chiriku wako


Karakanani
Jumatatu, 2 Juni

Chiriku wangu,

Barua yako nimewasomea wateja, nimemsomea fundi viatu, na fundi viatu amerudisha mkasi. Baba yako ameichukua kwenda nayo kazini na hajanirudishia. Anasema ameisahau. Ana wiki anaisahau. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia, halafu nikafuma safu tatu zenye makosa na sikuzifumua. Mtoto fulani atavaa sweta lenye furaha yangu ndani.

Sasa nisaidie, maana nimefikwa. Kumbe Kamanda wako hakuwa peke yake aliyesoma anwani kwenye bahasha. Wiki hii mtu wa posta ameniuliza kama nimefungua shule. Zimekuja barua kutoka chumba chenu, kutoka chumba cha jirani, na mbili za bweni la chini ambao siwajui hata kwa sifa. Zote zina adabu, zote zinanisifu, na zote, mwanangu, zinaomba uzi wa manjano.

Sote manjano. Sote, sote, sote. Nilicheka mpaka mashine nikaizima.

Siwatumii. Au tuseme nawatumia, lakini si wanachokiomba. Katika boksi hili nimetia mabaki yangu yote ya mwaka mzima, kila kipande na rangi yake, hakuna viwili vinavyofanana. Lipitishe chumbani, kila mmoja aweke mkono, na asitazame mwenzake kachukua nini. Kamanda mpe zamu ya kwanza, na mwambie sikumchagulia. Akae nalo hata siku nzima akipenda.

Wewe hukuomba kitu safari hii, nimeona. Na muuza nyuzi kaleta mzigo mpya, kila rangi ipo. Kwa hiyo nakuuliza wewe peke yako, Chiriku: unataka rangi gani?

Shangazi yako


Bwenini
Jumatano, 11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Boksi limepita. Mgeni kapata nyekundu, Kamanda alikaa nalo mpaka jioni akatoka na rangi ya kutu, na anaitazama miguu yake kama ndiyo kwanza imeota.

Mimi naomba zambarau. Kumbe ni rangi nzuri, ukiivaa peke yako.

Chiriku